Mcheza Kwao Hutunzwa, Ila Kwao Ni Wapi?

Aprili 2025 wachezaji wawili walipishana mlangoni pa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha South Carolina, mabingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani mwaka 2017, 2022 na 2024. Aliyetoka ni MiLaysia Fulwiley, gadi mwenye mbwembwe aliyekulia Columbia, mji ule ule wa chuo, na ambaye watu wa huko walimjua tangu akicheza sekondari. Alihamia chuo cha LSU, wapinzani wa kundi lao. Aliyeingia ni Madina Okot, senta wa futi sita na inchi sita, mzaliwa wa Mumias, aliyesoma sekondari Kaya Tiwi, Kaunti ya Kwale.

Binti wa nyumbani akaondoka, binti wa mbali akapokelewa. Yapo maswali mengi ya kuuliza kuhusu habari hiyo, lakini kwa msomaji wa Ukunda au Msambweni swali zito ni hili: katika safari ndefu ya Madina, ni nani anayeweza kusimama na kusema, "Huyu ni wetu, na anatudai au tunamdai"? Mumias alikozaliwa? Tiwi alikokomaa? Ruiru alikosomea chuo? Starkville, Mississippi, alikocheza msimu wake wa kwanza Marekani? Au Columbia, alikohamia baada ya mwaka mmoja tu?

Msimamo wangu ni kwamba mchezaji hadaiwi uaminifu na mtu ambaye hakuandikiana naye chochote. Uaminifu hufuata malezi, na malezi ni kazi yenye gharama. Kazi hiyo isipowekwa kwenye maandishi, aliyeifanya hubaki na picha ukutani na majigambo. Kwale imelea wachezaji, na imelea vizuri. Imeshindwa kuandika. Hapo ndipo tunapopoteza, na si siku mchezaji anapopanda ndege.

Safari yenye mikono mingi

Ukivuka feri ya Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga, unapita Ng'ombeni na Waa, kisha unaingia Tiwi kabla hujafika Ukunda. Wageni wengi hupita hapo mbio wakiwahi fukwe za Diani. Lakini kwa watu wa mpira wa kikapu wa wasichana, Tiwi ni jina linalotajwa kwa heshima. Shule ya Sekondari ya Kaya Tiwi imekuwa miongoni mwa shule zinazoogopwa katika mashindano ya kitaifa na ya shule za Afrika Mashariki, na makocha wa klabu na vyuo vya Nairobi wanajua wapi pa kutafuta senta na gadi waliokwisha kufunzwa kazi.

Madina hakuzaliwa na mpira wa kikapu mkononi. Alianza kuucheza kwa kuchelewa, akiwa tayari msichana mkubwa. Jambo hilo linapaswa kutufikirisha. Urefu ni majaliwa, lakini kuna mambo ambayo urefu haukupi. Mtazame senta yeyote mzuri mpira unaporushwa na kukosa kikapu. Hatazami mpira kwanza. Anamtafuta mpinzani wake, anamkalia mbele kwa kiuno, anapanua viwiko bila kusukuma, anapiga magoti kidogo, ndipo anainua macho. Mpira ukidunda kwenye chuma, yeye amekwisha kujipatia nafasi, na mwenzake mwenye urefu uleule anabaki kushika hewa. Kitendo hicho kinachukua sekunde mbili, lakini kinahitaji mamia ya jioni za mazoezi, na kinahitaji mtu mzima anayesimama pembeni akirudia maneno yaleyale bila kuchoka. Katika shule zetu mtu huyo kwa kawaida ni mwalimu mwenye vipindi vya darasani na malipo ya mwalimu.

Kutoka sekondari Madina alijiunga na Chuo Kikuu cha Zetech, Ruiru, ambacho timu yake ya Zetech Sparks hucheza ligi kuu ya wanawake. Mwaka 2024 akaenda Mississippi State. Msimu wake wa kwanza huko alipata wastani wa pointi zaidi ya 11 na ribaundi zaidi ya 9 kwa mchezo, na timu ikaingia mashindano ya mwisho ya kitaifa. Kwa mchezaji aliyetoka kwenye viwanja vya saruji, hiyo ilikuwa hatua kubwa mno. Mwaka ulipoisha akahamia kwa Dawn Staley, kocha anayeinoa South Carolina tangu 2008 na aliyewatoa masenta wakubwa, A'ja Wilson akiwa wa kwanza kutajwa.

Hebu tuhesabu mikono. Familia ya Mumias ilimzaa na kukubali aende mbali. Shule ya Kwale ilimfundisha. Chuo cha Ruiru kilimpa jukwaa la ligi. Chuo cha Mississippi kilimpa nauli ya kuingia katika dunia ya mamilioni. Kila mkono ulipata kitu kutoka kwake wakati akiwepo, na kila mkono ulibaki mtupu alipoondoka. Kwa mpangilio wa sasa, hakuna hata mmoja uliotenda kosa, na hakuna hata mmoja uliolipwa kwa kumlea.

Kwale nayo ni kituo cha uhamisho

Kabla hatujalalamika kwamba wachezaji wanatukimbia, tukubali kwamba sisi wenyewe tunawachukua kwa watu. Msichana wa Mumias hakufika Tiwi kwa bahati. Shule zenye majina katika michezo, pwani kama bara, hutafuta vipaji mbali. Kocha huona binti mrefu katika michezo ya kaunti au ya kanda, huuliza yuko darasa gani, hutafuta simu ya mzazi. Anachoahidi ni karo, kitanda bwenini, sare, pengine raba za kuchezea, na neno kwamba binti akifanya vizuri milango itafunguka.

Ahadi hiyo si ndogo. Kwa mwongozo wa karo wa Wizara ya Elimu, mzazi wa mwanafunzi wa bweni hutakiwa kulipa zaidi ya shilingi 40,000 kwa mwaka, mbali na sare na matumizi. Kwa nyumba inayoishi kwa kibarua cha miwa au kwa kuuza samaki, pesa hizo ni mlima. Mtu akija na kusema "Mama, mtoto wako atasoma bure," mama hasomi masharti, kwa sababu hakuna masharti yaliyoandikwa. Anafunga begi la mtoto.

Hapa ndipo soko la wachezaji wetu linapoanzia. Wamarekani huzungumza juu ya mchezaji huru anayechagua timu mkataba wake unapokwisha. Kwetu mchezaji huwa huru akiwa na umri wa miaka 14 au 15, na bei yake ni karo. Anaweza kuhama shule mwaka ujao akiahidiwa bora zaidi, na shule inaweza kumwacha akiumia goti. Pande zote mbili hazina hati. Wote wanategemea utu wa mwenzao, na utu ni jambo jema, lakini mkono mtupu haulambwi, na neno tupu halimlipii mtu hospitali.

Kuna malalamiko mengine ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini huku kwetu: kwamba wasichana wa kuja hujaza nafasi ambazo mabinti wa Kidigo na Kiduruma wangezipata. Malalamiko hayo yanastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba timu ina wachezaji 12 na uwanjani wanaingia watano. Ni kweli pia kwamba msichana wa Kinondo anayefanya mazoezi kila jioni dhidi ya senta wa kiwango cha Madina hujifunza kwa miaka miwili asichoweza kujifunza kwa kumi akicheza na wa rika lake kijijini. Tatizo halipo kwa binti aliyetoka Mumias. Lipo kwetu tusiotengeneza ngazi ya kumtoa binti wa Matuga, Msambweni, Lunga Lunga au Kinango kwenye shule ya msingi hadi kwenye mazoezi hayo. Shule ikitafuta wachezaji 4 magharibi mwa nchi, hakuna linaloizuia kutafuta wengine 4 ndani ya kaunti kwa bidii ileile.

Uhuru wa kuhama haukuja bure

Mashabiki wengi wa pwani huijua NBA kwa usajili wake kuliko kwa mechi zake. Hawakai macho usiku kutazama, lakini asubuhi wanajua nani kahamia wapi. Na neno linalotoka haraka ni "msaliti". Ni vizuri kukumbuka kwamba haki ya kuhama ilipiganiwa mahakamani. Kwa miaka mingi mchezaji wa NBA alikuwa mali ya timu yake hata mkataba ulipoisha. Mwaka 1970 chama cha wachezaji, kikiongozwa na Oscar Robertson, kilifungua kesi, nayo ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1976. Hata hivyo ilichukua hadi 1988 ndipo Tom Chambers akawa mchezaji wa kwanza kuhama kwa uhuru kamili, akatoka Seattle kwenda Phoenix.

Julai 2010 LeBron James alitangaza kwenye televisheni kwamba anaondoka Cleveland kwenda Miami, na mashabiki wakachoma fulana zake barabarani. Miaka minne baadaye alirudi, na mwaka 2016 akawapa Cleveland ubingwa wao wa kwanza. Kevin Durant alipohamia Golden State mwaka huohuo wa 2016, alitukanwa kwa kujiunga na timu iliyokuwa imemfunga. Lakini Februari 2025 Dallas walimuuza Luka Dončić kwa Lakers usiku, bila yeye kuomba wala kutarajia, miezi michache tu baada ya kuwafikisha fainali. Timu hiyo hiyo ilikuwa imekaa na Dirk Nowitzki misimu 21, na jiji zima likaamini kwamba Dallas ni mahali ambapo uaminifu una makazi.

Ukiyaweka matukio hayo pamoja unaona wazi kwamba mchezaji anayehama kwa hiari huitwa msaliti, na timu inayomuuza mtu bila hiari yake huitwa yenye busara ya biashara. Kipimo hicho kimepinda. Anayetaka uaminifu kwa mchezaji lazima auonyeshe yeye kwanza, na hasa siku mchezaji anapokuwa dhaifu. Siku ya ubingwa kila mtu ni mwaminifu.

Ligi yetu hulipa kwa barua ya kazi

Turudi nyumbani. Msichana akimaliza Kaya Tiwi leo, njia zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni chuo kikuu: Zetech, Strathmore, USIU na vinginevyo vyenye timu, ambako malipo ni masomo. Ya pili ni timu za mashirika. Katika wanawake, majina mazito ni Mamlaka ya Bandari, KPA, ambayo timu yake ina makao Makande, Mombasa, na Equity Hawks wa benki ya Equity. Hapo kivutio kikubwa ni kazi. Mchezaji huingia kama mfanyakazi au kwa matumaini ya kuajiriwa, na kwa familia nyingi barua ya ajira ya bandari ina uzito kuliko medali yoyote.

Mfumo huu umewafaa wachezaji wengi, na sitaki kuubeza. Mchezaji wa KPA anaweza kumaliza uchezaji akiwa na miaka 34 na bado akawa na mshahara, bima ya afya na pensheni ya kutegemea. Ni wachezaji wangapi wa kulipwa wa nchi nyingine wanaoweza kusema hivyo? Mfumo huo umetengeneza pia aina ya uaminifu ambayo haionekani katika ligi za pesa: wapo wachezaji waliokaa na timu moja muda wote wa uchezaji wao kwa sababu timu hiyo ndiyo pia mwajiri wao.

Lakini uaminifu wa namna hiyo una udhaifu wake. Ni uaminifu kwa mwajiri, na mwajiri ana bajeti. Shirika likibadili meneja, likipunguza matumizi au likifungwa, timu hufa nalo. Watu wa Kwale wanajua jambo hili nje ya michezo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na maisha yote yaliyojengwa kukizunguka yakayumba. Base Titanium ilianza kusafirisha madini kutoka Msambweni mwaka 2014, ikafadhili masomo ya vijana wengi wa vijiji vya jirani, na Desemba 2024 ikamaliza uchimbaji. Mfadhili naye huhama. Tofauti ni kwamba mfadhili akihama hakuna anayemwita msaliti.

Kwa hiyo kijana anapotoka timu ya chuo kwenda ya benki, au ya benki kwenda ya bandari, tumsikilize kabla ya kumhukumu. Mara nyingi hafuati utukufu, anafuata ajira ya kudumu kabla mwili haujachoka. Na anapohitaji barua ya kuachiliwa ili asajiliwe kwingine, barua hiyo isigeuzwe kuwa kamba ya kumfungia. Nchi yetu ina Sheria ya Michezo ya 2013 na Baraza la Kusuluhisha Migogoro ya Michezo lililoundwa chini yake. Wachezaji wachache hulifahamu, na wachache zaidi wana uwezo wa kulifikia kutoka Tiwi. Klabu inayomnyima mchezaji barua kwa hasira hupoteza zaidi ya inachookoa, kwa maana kila msichana aliye sekondari husikia habari hiyo na kukumbuka.

Lango la Marekani na pesa zisizofika kwa kila mtu

Katika vyuo vya Marekani kanuni zimebadilika kwa kasi. Lango la uhamisho, yaani mfumo wa kujiandikisha mtandaoni ili kuhama chuo, lilianza Oktoba 2018. Tangu 2021 mwanafunzi aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na Aprili 2024 kikomo cha idadi ya kuhama kikaondolewa kwa anayefaulu masomo yake. Julai 2021 wanariadha waliruhusiwa kupata pesa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yaliyoruhusu vyuo kuwalipa wanariadha moja kwa moja, kwa kiwango cha juu cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Madina aliingia lango hilo katika kipindi chenye pesa nyingi kuliko wakati wowote. Lakini mwanafunzi wa kigeni hukaa Marekani kwa viza ya masomo, na viza hiyo huzuia sana kazi za kulipwa. Mwenzake Mmarekani anaweza kutangaza viatu na kulipwa wiki hiyohiyo, naye mgeni hulazimika kwanza kutafuta mwanasheria wa uhamiaji. Kwa hiyo Mkenya anapohama chuo, mara nyingi kinachomvuta ni kocha atakayemkuza, dakika za kucheza, na macho ya timu za WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake. Katika msimu wa 2025–26, akiwa na Staley, Madina alipata wastani wa ribaundi zaidi ya 10 kwa mchezo. Mwenye kusema alikosea kuhama aje na hoja iliyo nzito kuliko hiyo.

Mississippi State ilipoteza senta bila kulipwa hata senti ya uhamisho. Zetech kadhalika. Kaya Tiwi ndiyo iko mbali zaidi na meza ya malipo. Hapa soka limetutangulia. Chini ya kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kuna pia fidia ya malezi kijana anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa. Katika mpira wa kikapu wa shule na vyuo hakuna chochote cha aina hiyo kinachomfikia mwalimu wa Tiwi.

Wako watakaonionya kwamba fidia ni mnyororo mpya. Woga huo una msingi. Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya Jean-Marc Bosman, ikasema klabu haiwezi kudai ada kwa mchezaji aliyemaliza mkataba, kwa sababu ada hiyo ilimnyima uhuru wa kuhama kwenda kufanya kazi. Lakini mahakama hiyohiyo, Machi 2010, katika kesi ya Olivier Bernard aliyeondoka Lyon kwenda Newcastle, ilikubali kwamba kuilipa klabu gharama halisi za kumfunza kijana ni jambo halali. Tofauti kati ya kesi hizo mbili ndiyo njia yetu. Gharama ya malezi ilipwe na anayevuna, iwe ndogo, ijulikane mapema, na isimzuie mtoto kuondoka.

Mambo manne yanayowezekana

La kwanza ni daftari. Kila shule yenye timu iandike mchezaji aliingia mwaka gani, alitoka wapi, nani alimlipia, nani alimfundisha na alikwenda wapi. Nakala iende kwa Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Kenya wakati wa usajili wa kwanza wa mchezaji kwenye ligi. Kazi hii haihitaji bajeti kubwa, inahitaji mtu mwenye nidhamu na kalamu. Bila rekodi hatuwezi hata kuthibitisha kwamba tulimlea mtu, sembuse kudai.

La pili ni hati ya ufadhili. Mzazi na shule watie sahihi ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi. Ueleze karo italipwa kwa miaka mingapi, nani atagharimia matibabu mtoto akiumia mazoezini, na kwamba akiumia asiweze kucheza tena masomo yake hayatakatizwa. Huu ndio moyo wa jambo lote. Shule iliyomlipia karo msichana aliyevunjika mguu imenunua uaminifu ambao hakuna chuo cha Amerika kinachoweza kuununua.

La tatu ni fidia ndogo ya ndani. Klabu ya shirika au chuo kinapomsajili mchezaji kutoka sekondari moja kwa moja, kanuni za ligi zikitake kitoe vifaa kwa shule hiyo: mipira, vikapu, ukarabati wa sakafu. Kiwango kiwe kimoja kwa wachezaji wote, nyota na wa kawaida, ili mtu asikataliwe kwa sababu ana gharama. Vifaa viwe vya uwanja, wala si vya mfuko wa mtu binafsi.

La nne ni ngazi ya nyumbani. Kwa sasa msichana anayetaka kucheza ngazi ya juu bila kuhama pwani hutazama Makande tu. Kaunti yenye shule inayotoa wachezaji wa kiwango hiki inapaswa kuwa na timu yake katika ligi za shirikisho, hata kama itaanzia daraja la chini, ili aliyemaliza shule na hakupata chuo asirudi nyumbani kukaa. Ziko hoteli Diani zinazoweza kuajiri wachezaji kwa zamu zinazoruhusu mazoezi, kama bandari inavyofanya. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha upande wetu na bara bila kusubiri feri, na timu za wageni zinaweza kuja kucheza huku na kurudi siku hiyohiyo.

Wakati wenyewe unaturuhusu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na moja ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza shule inaweza kumvutia msichana kwa masomo yenyewe, mchana na kwa haki, badala ya kumvuta kwa simu za pembeni. Kwale ina historia ya kuwekeza katika elimu. Mpango wa ufadhili wa Elimu ni Sasa ulianzishwa chini ya gavana wa kwanza, Salim Mvurya, ambaye mwishoni mwa 2024 alikabidhiwa wizara inayosimamia vijana na michezo. Gavana wa sasa, Fatuma Achani, alikuwa naibu wake na ni mwanamke wa kwanza kuiongoza kaunti hii. Sijui ni mwaka gani mwingine ambapo hoja kuhusu mabinti, masomo na michezo ya Kwale ingekuwa na masikio ya karibu kuliko haya.

Madina haidai Kwale chochote, wala sisi hatumdai tabasamu lake kwenye kamera za Columbia. Tunachodaiwa sisi ni kumwandalia msichana ajaye mahali ambapo akiondoka ataondoka salama, akiumia atashikwa mkono, na akifanikiwa ataona faida ya kurudi hata kwa wiki moja ya kufundisha wadogo zake. Muhula wa michezo wa shule hauko mbali. Walimu wakuu, kaunti na shirikisho wakae meza moja kabla ya timu kusajiliwa, waanze na hati ya ukurasa mmoja. Msichana atakayeitia sahihi mwaka huu huenda ana miaka 14, na hana muda wa kusubiri tumalize kulaumu waliokwisha kuondoka.